Nani Atabaki na Watoto?

Mnamo mwaka 1953 jarida la matabibu wa Uingereza liitwalo The Lancet lilichapisha uchunguzi wa bwana mmoja, Jerry Morris, aliyewafuatia watumishi wa mabasi ya London, yale mabasi ya orofa mbili, akitaka kujua kwa nini watu wawili wafanyao kazi ndani ya chombo kimoja, wavaao sare moja na walipwao na tajiri mmoja, hawapatwi na maradhi ya moyo kwa kadiri iliyo sawa. Dereva alikaa kitini karibu muda wote wa zamu yake. Konda alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tikiti juu na chini, na hata siku ilipokwisha alikuwa amekanyaga vidato baina ya 500 na 750. Ikadhihirika ya kwamba makonda walipatwa na maradhi hayo kwa uchache kuliko madereva, na hata walipopatwa, hawakufa upesi kama wenzao. Wapinzani walidai kwamba pengine watu wanene ndio waliouchagua udereva tangu awali, na Morris, badala ya kubishana nao, alikwenda kutazama vipimo vya viuno vya sare walizokatiwa, akakuta ya kwamba dai lao lilikuwa na chembe ya haki, maana madereva walivaa suruali pana zaidi hata walipokuwa bado vijana. Walakini alipowalinganisha wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, moyo wa dereva ulibaki katika hatari kubwa zaidi.

Habari hii ni ya zamani, na wapenda siha wengi wanaijua. Naileta hapa kwa sababu ya mambo mawili ambayo aghalabu hayasemwi. La kwanza ni kwamba konda yule hakuwa mwanariadha. Hakutenga saa ya mazoezi, hakununua raba za kukimbilia, wala hakuwatangulia majogoo kuamka ili ajinyoshe viungo. Mazoezi yake yalikuwa ndani ya kazi yake, naye akalipwa mshahara juu yake. Sisi tuliokalishwa vitini, tutazamao kioo cha kompyuta tangu asubuhi hadi alasiri na mgongo wa abiria wa mbele tangu alasiri hadi usiku, tumenyang'anywa ngazi zile, kisha tukaambiwa tuzitafute wenyewe kwa saa zetu, baada ya kazi na kabla ya watoto kulala. La pili ni kwamba uchunguzi ule ulikuwa wa wanaume watupu. Mke wa konda, aliyeifua sare ile na kumpikia mwenye kuivaa, hamo katika hesabu.

Tuanze na kiasi kinachodaiwa, kwa kuwa wengi hukiogopa bila ya kukijua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate kwa juma moja dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu, na juu ya hizo atumikishe misuli yake mikubwa walau siku 2. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Na hapo ndipo mtu aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa atakapocheka, maana kule hukimbia mchakamchaka na nyimbo juu yake. Kiasi cha chini, kikigawanywa kwa siku saba, hakifiki hata dakika 22 kwa siku. Tena mwongozo huo uliondoa sharti la zamani lililosema kwamba mwendo usiofika dakika 10 mfululizo hauhesabiwi. Leo dakika tatu ni dakika tatu, na mzazi mwenye kuziokota moja moja hana haja ya kuona haya mbele ya mwenye kuzipata zote pamoja.

Walakini hesabu ya karatasini ni nyepesi kuliko hesabu ya nyumbani. Tumchukue kwa mfano mzazi akaaye Mbagala au Mbezi, ambaye ofisi yake iko Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Huamka saa kumi na moja alfajiri, na pengine kabla yake, kwa sababu gari la shule halimngoji mtoto, huandaa au huandaliwa chai, hupigana na foleni, huketi kazini, hupigana tena na foleni, na hata akivuka kizingiti chake saa mbili usiku humkuta mtoto na daftari la hesabu mkononi, mwingine na homa, na mchele haujachambuliwa. Mtu huyu akiambiwa na wapiga mbiu wa siha kwamba aamke saa kumi usiku akimbie, naona amedhulumiwa. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na usingizi uliokatwa hudai deni lake kwenye shinikizo la damu, kwenye sukari na kwenye hasira zinazowaangukia watoto wasio na kosa. Kunyang'anya usingizi ili kununua mazoezi ni biashara ambayo mimi singemshauri mtu yeyote aifanye.

Njia iliyo bora ni kuitafuta ile ngazi ya konda ndani ya siku yenyewe, ilimojificha. Tangu mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, baina ya Kimara na Kivukoni, na matawi yake ya Morocco na Gerezani, vituo vyake vimepangwa kwa masafa ambayo mtu mwenye miguu mizima aweza kuyatembea kwa dakika chache; basi mtumishi anayeteremka kituo kimoja au viwili kabla ya chake, asubuhi na jioni, amekwisha kupata sehemu kubwa ya fungu lake kabla hata hajaonana na mkuu wake wa kazi. Atatoka jasho, ni kweli, hasa miezi ya kaskazi, wakati ambapo hewa ya pwani hulemea kama blanketi bichi. Kwa hiyo na achukue shati la pili na kitambaa cha kujifutia, na asiwasikilize wanaodhani kwamba kutembea kwa miguu ni dalili ya ufukara. Nimewasikia watu wenye shahada wakiuliza, kwa huruma ya dhati kabisa, kama gari la mwenzao limeharibika.

Kadhalika ngazi. Mwaka 2019 wataalamu wa Kanada, wa chuo kikuu cha McMaster na wenzao, waliwachukua vijana wasio na mazoea ya mazoezi, wakawapandisha ngazi zenye vidato 60, yaani orofa tatu hivi, kwa nguvu, mara 3 kwa siku, wakiwaacha wapumzike kwa muda wa saa moja hadi nne baina ya zamu moja na nyingine, siku 3 kwa juma. Na baada ya majuma 6 pumzi zao zilikuwa zimeongezeka nguvu. Wachunguzwa walikuwa wachache, na ongezeko lenyewe halikuwa la ajabu, lakini haikuwapasa kuvaa nguo za michezo wala kuaga nyumbani. Majengo ya Posta yana ngazi nyingi kuliko zilivyohitajiwa na wale vijana, nazo ni tupu kila siku isipokuwa ile ambayo umeme hukatika na lifti ikagoma. Siku hiyo huwasikia mabwana na mabibi wa idara zote wakipanda pamoja kwa mazungumzo mazuri, na kesho yake hurejea kwenye foleni ya lifti.

Kuna hadhari moja juu ya hesabu za hatua, kwa maana simu nyingi za leo humpigia mwenyewe kelele asipotimiza hatua 10,000. Hesabu hiyo haikutoka kwa matabibu. Ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wakati ambapo kampuni ya huko iliuza kidude cha kuhesabia hatua na kukipa jina lenye hesabu hiyo ya mviringo, kwa sababu inapendeza masikioni. Wachunguzi wa Marekani walipowafuatia kinamama wazee mwaka 2019, waliona ya kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walifariki kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kupanda hadi kufika hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Mzazi aliyefikisha 6,000 na akalala usingizi wake hajashindwa kitu.

Nyumbani, kazi ya misuli haihitaji chuma cha jimu wala ada ya mwezi. Dumu la lita 5 lililojaa maji lina uzito wa kilo 5 hivi, na madumu hayo hayakosekani katika nyumba yoyote iliyozoea mgawo wa maji. Kuchuchumaa na kuinuka mara 15 wakati wali unapokauka ni kazi ya misuli. Pushapu ukutani kwa asiyeweza za chini ni kazi. Kumbeba mtoto mgongoni na kupanda naye ngazi ni kazi ambayo mtoto mwenyewe ataidai tena na tena mpaka mbebaji aombe radhi. Na kwa kuwa mwongozo ule ule wa mwaka 2020 unamtaka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mwendo kila siku, mzazi na mwana wana dai moja, hawana sababu ya kulilipa mbalimbali. Kamba ya kuruka hununuliwa kwa fedha kidogo, na ikikosekana hata kipande cha kamba ya kuanikia nguo chatosha. Morris mwenyewe, yule wa mabasi, alipopata uthibitisho wa aliyoyashuku, alianza kukimbia kila Jumapili katika uwanda wa Hampstead huko London, akiwapa watoto wake koti na sweta wamshikie. Na majira yale, mtu mzima aliyekimbia pasipo kufukuzwa alidhaniwa amerukwa na akili. Aliishi hadi mwaka 2009, akafariki akiwa na umri wa miaka 99.

Hadi hapa nimesema kana kwamba mzazi ni mmoja, asiye baba wala mama, na huo ndio uongo mwema ambao makala nyingi za siha husimama juu yake. Baba na mama wote wawili husema hawana wakati, na wote wawili husema kweli, lakini si kweli ya aina moja. Wakati wa baba umeliwa na kazi na barabara. Wakati wa mama umeliwa na kazi na barabara, kisha kilichobaki kikaliwa na jiko, na ndoo, na sare za shule za kesho, na mgonjwa wa ukoo aliyeletwa kutibiwa Muhimbili. Baba akisema Jumamosi kwamba anakwenda mazoezini, huaga. Mama akitaka kusema hivyo, sharti kwanza aombe, apange, amtafute wa kumwachia watoto, apike kabla ya kutoka, na arejee mbio kuliko alivyokwenda. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba katika mwaka 2022 asilimia 34 ya wanawake wa ulimwengu hawakufikia kiasi cha mwendo kinachotakiwa, na kwa wanaume ilikuwa asilimia 29. Wengine husoma tofauti hiyo wakaiita uvivu. Mimi nasoma ndani yake orodha ya kazi ambazo mtu mwingine hakuzishika.

Atatokea wa kusema: mama afagiaye, afuaye na abebaye maji amekwisha kufanya mazoezi, ya nini kumwongezea? Hoja hii ina nusu ya ukweli. Kazi za nyumbani zenye kuharakisha pumzi huhesabiwa katika zile dakika 150, na yeyote aliyefua mablanketi kwa mikono anajua kwamba pumzi huharakishwa kweli. Lakini uchunguzi mkubwa wa Copenhagen, uliochapishwa mwaka 2021 na wenye watu zaidi ya 100,000, uliona ya kwamba waliojipa mwendo kwa hiari katika saa zao za faragha walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache, ilhali wale ambao kazi zao za kuajiriwa zilikuwa nzito hawakuipata faida hiyo, bali hatari yao ilizidi. Wataalamu wanaielezea tofauti hiyo hivi: kazi nzito huinua, huinamisha na husimamisha mwili kwa saa nyingi pasipo pumziko la kutosha, na haimwachi mtu achague wakati wa kuanza wala wa kukoma, ilhali mazoezi huuchangamsha moyo kwa muda mfupi, kisha huuacha utulie. Uchunguzi ule haukupima jiko la Kiswahili, nami sitaki kuupachika mahali usipopimia. Ila naona kwamba kumwambia mama aliyeinama juu ya karai tangu asubuhi kwamba amekwisha pata riadha yake ni kumpa kazi yake jina la tafrija, ili asidai tafrija yenyewe.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba swali la mazoezi katika nyumba yenye watoto si swali la azma. Ni swali la zamu. Wazazi wakae, usiku mmoja watoto wakiwa wamelala, waligawe juma kwa uwazi: asubuhi hii ni yako, ile ni yangu, na katika asubuhi yako mimi ndimi nitakayevalisha sare na kufunga viatu, na nikishindwa kukipata kitana nitakitafuta mwenyewe, sitakupigia simu. Asiye na mwenza, naye yuko katika kila mtaa, ana jirani, ana dada, ana mama mwenye mtoto wa darasa moja na wake. Wawili wakipokezana watoto, kila mmoja hupata saa yake. Msichana wa kazi si jawabu la swali hili kwa kila hali, maana naye ana mwili, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza yeye hutembea saa ngapi kwa hiari yake.

Vikundi vya mtaani ni neema kubwa kwa mwenye kupata nafasi. Mnamo Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi kwa ajili ya kupambana na maradhi yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya watu kutoka kufanya mazoezi. Zanzibar, ambako vikundi vya mazoezi vina mizizi mitaani, Januari mosi ni siku ya mazoezi ya kitaifa, na watu huuanza mwaka kwa matembezi. Dar es Salaam, klabu za joging hupita na fulana zao za rangi moja alfajiri za mwisho wa juma, na wengine hulipanda daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo hupita juu ya bahari kwa zaidi ya kilomita moja na kumpa mkimbiaji upepo ambao mitaa ya ndani humnyima. Kwa mwanamke kikundi kina faida ya pili iliyo kubwa kuliko nyimbo zake: giza la saa kumi na moja si moja kwa wote, na barabara zisizo na taa wala njia ya miguu, zenye bodaboda ziendazo kinyume, humtisha hata mwanamume. Katika kundi la watu ishirini, mwenye hijabu na mwenye kaptula hupita salama pamoja.

Aliye na siku za mwisho wa juma tu asivunjike moyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, wa watu zaidi ya 63,000 wa Uingereza na Scotland, ulionyesha kwamba waliotimiza kiasi chao cha juma kwa siku moja au mbili walipata upungufu wa vifo ulio karibu sana na wa wale waliokitawanya katika siku nyingi. Tahadhari yake ni kuumia: mtu aliyeketi siku tano akakimbia kilomita kumi siku ya sita huviuliza viungo vyake swali ambalo havikujiandaa kulijibu. Naye mwenye shinikizo la damu, kisukari, ujauzito au maumivu ya kifua azungumze kwanza na tabibu.

Kuhusu kudumu, watu wa pwani wana kipimo cha siku ambacho wengine hawana. Sala tano huigawa siku kwa vipande visivyobadilika sana, na kitendo kipya kikifungwa kwenye kilichokwisha zoeleka hushika upesi: atokaye msikitini baada ya sala ya alfajiri tayari yuko macho, tayari yuko njiani, na kuzunguka mtaa kabla ya kurudi ni ziada ndogo; na katika Ramadhani, matembezi ya polepole karibu na magharibi hulingana na mwili unaokaribia kufuturu. Mkristo ana kengele yake, na asiye na dini ana mtoto wa kumpeleka shule, ambao ni wakati maalumu kuliko yote. Uchunguzi wa chuo kikuu kimoja cha London, wa watu 96, ulikuta ya kwamba jambo jipya lilichukua kwa wastani siku 66 hata likawa mazoea, na baadhi ya watu walihitaji siku 18 tu, na wengine ilikadiriwa wangefika 254. Ila la kuwafariji wazazi ni kwamba kuikosa siku moja hakukuharibu ujenzi. Mtoto atapata homa. Mtihani utakuja, na msiba utakuja, na mvua za masika zitaijaza barabara. Anayerejea siku ya pili yake hajaanza upya.

Sasa yabaki mambo madogo ya mapatano. Raba nzuri za mtumba hupatikana sokoni Karume, na heri moja ya kutosha vema kuliko mpya ya kubana. Ratiba ya mazoezi ibandikwe penye ratiba ya shule, yenye jina la mama kwanza, kwa kuwa yake ndiyo itakayofutwa kwanza nyumba ikizidiwa. Na katika asubuhi zile ambazo mama yuko nje akitembea, baba ndiye atakayepika chai. Ikitoka na majani machache au sukari nyingi, watoto watasema kwa sauti kubwa, nao wainywe hivyo hivyo, na mama akirudi aikute imebaki kikombe kimoja, asiambiwe habari ya sufuria iliyoungua mpaka amekwisha oga.